Apdeti imekataa, paketi ni ya zamani, paketi imepotea: tutafute shida iko wapi

Juzi mwalimu mmoja wa sekondari hapa Arua alinipigia saa moja asubuhi, sauti yake tu ilinitosha kujua hajalala vizuri. "Fundi, kompyuta zangu zimegawanyika. Zingine zimepokea apdeti, zingine zimekataa kabisa, na zote tuliziwekea Ubuntu siku moja, flashi moja." Nikamwambia mwalimu usiguse kitu, nakuja.

Hiyo dalili yake nitaieleza hapa chini, lakini acha kwanza niseme kitu kimoja, maana nimeona watu wengi wanahangaika na Linux kwa sababu ya neno moja tu. Ukisikia distro (Linux ya aina fulani, kama Ubuntu au Debian) inasema paketi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, ni stable, unafikiri wamesema haina kasoro. Hapana. Wanamaanisha haibadiliki-badiliki: ile tabia umeiona leo ndiyo utaiona mwaka kesho, faili za mipangilio ziko palepale, amri zinajibu vilevile. Kasoro zinaweza kuwemo, tena zingine zinajulikana na zimeandikwa, wameamua tu kwamba kuzigusa katikati ya safari kunaweza kuleta mabaya zaidi. Na paketi haifiki huko kwa mtu mmoja kuamka na kusema "sawa, iko tayari", inapita milango, mlango baada ya mlango, kila distro na milango yake. Nyingi ya shida ninazoitiwa siyo mashine kuharibika, ni paketi iko mlango fulani na mwenye mashine hajui mlango upi. Kwa hiyo hapa napanga kwa dalili, tafuta yako.

Dalili: mashine mbili mapacha, moja imepata apdeti, nyingine imenyimwa

Nilipofika kwa mwalimu niliketi katikati ya mashine mbili nikaandika kwa zote mbili `sudo apt update` halafu `sudo apt upgrade`. Ya kushoto ikaanza kushusha bila maneno. Ya kulia ikaandika `The following upgrades have been deferred due to phasing`, chini yake majina ya paketi tano sita. Kama uko Ubuntu 22.04 utaona zaidi maneno `have been kept back`, na hiyo inatisha watu zaidi kwa sababu haisemi kwa nini.

Hapo hakuna kilichoharibika. Ubuntu wakitengeneza marekebisho ya toleo ambalo tayari liko mikononi mwa watu, paketi inaenda kwanza kwenye ghala linaitwa proposed, inakaa huko angalau siku 7, lazima mtu aijaribu na aandike kwamba ile kasoro kweli imeisha na hakuna kingine kimevunjika, ndipo inahamia ghala la updates. Na hata ikifika huko haimwagwi kwa dunia nzima siku moja, inaanza na kama asilimia 10 ya mashine kisha inapanda polepole, na ripoti za programu kuanguka zikianza kuongezeka wanasimamisha. Mashine yako ndiyo inajipigia hesabu yenyewe, inachukua namba iliyoko kwenye `/etc/machine-id`, jina la paketi na namba ya toleo, inapata jibu: niko kundi la mapema au la mwisho. Ndiyo maana ile ya kushoto leo ni ya kwanza, kwa paketi nyingine wiki ijayo itakuwa ya mwisho.

Kuhakikisha, andika `apt-cache policy` na jina la paketi, ukiona neno `phased` na asilimia pembeni basi ni hilo. Dawa yake ni kusubiri siku mbili tatu. Usiogope upande wa usalama, marekebisho ya usalama yanayotoka kwenye ghala la security hayapangiwi foleni hii.

Kitu ambacho naomba watu waache: kuzilazimisha moja moja kwa `apt install` na jina. Itaingia ndiyo, lakini umeshaiwekea alama kwamba wewe ndiye uliitaka kwa mkono, na baadaye `apt autoremove` haitaiondoa hata kama haina kazi tena. Kama labu yako lazima ifanane (mwalimu alikuwa na mtihani wa kompyuta wiki hiyo, na mwanafunzi hawezi kukuta menyu tofauti na ya jirani yake) fungua faili jipya ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/` uandike `APT::Get::Never-Include-Phased-Updates "true";` kwa mashine zote, basi zote zitangoja mpaka foleni iishe. Ipo pia `Always-Include-Phased-Updates` kwa anayetaka zote zipate mapema, lakini hiyo kwa labu ya shule siwezi kukushauri.

Na kama wewe ulinakili diski nzima kutoka mashine moja kwenda zingine badala ya kuziwekea moja moja, basi zote zina machine-id ile ile na zitakuwa kundi moja daima. Inaonekana kama bahati nzuri lakini siyo, hiyo namba inatakiwa iwe ya mashine moja tu, itakuletea shida kwingine hasa kwenye kugawiwa anwani za mtandao.

Dalili: namba ya toleo ni ya zamani, mtu amekuambia seva yako haina usalama

Hii ndiyo inaniuma kuliko zote, kwa sababu watu wanaharibu seva nzima wakijaribu kutibu ugonjwa ambao haupo.

Mwaka 2024 ofisi moja ilileta mtu wa kukagua, akapitisha programu yake ya kupima, akaacha karatasi zenye rangi nyekundu: OpenSSH 9.2 (programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) ina mwanya CVE-2024-6387, yaani tundu la usalama lenye namba hiyo, pandisheni hadi 9.8. Kijana wao wa kompyuta, mtu mwenye bidii kabisa, akashusha OpenSSH mpya akaijenga kwa mkono juu ya Debian 12. Ikakubali. Lakini kuanzia siku hiyo ile seva haikupata tena marekebisho ya ssh kutoka Debian, kwa sababu iliyokuwa inafanya kazi siyo ya Debian tena, na hakuna aliyekuwa anaikumbuka.

Wangesoma namba yote, siyo nusu. Andika `dpkg -l openssh-server` utaona kitu kama `1:9.2p1-2+deb12u3`. Hiyo `9.2p1` ni toleo la wenyewe walioandika OpenSSH. Hiyo `-2` ni mara ya pili Debian kuifungasha. Na hapo mkiani, `+deb12u3`, ndipo siri yote ilipo: ni marekebisho ya tatu ya paketi hii ndani ya Debian 12. Ule mwanya ulitangazwa tarehe 1 Julai 2024, na hiyo u3 ndiyo iliuziba. Namba ya mbele haikusogea hata kidogo. Watu wa Debian walichukua kipande kile tu kinachoziba tundu wakakishona kwenye nguo ile ile ya zamani, kama fundi cherehani anavyoweka kiraka bila kubadilisha suruali. Wangeleta 9.8 nzima wangeleta na mambo mengine mapya ambayo hakuna aliyeyaomba, na pengine faili yako ya mipangilio ingekataliwa usiku seva ikabaki imefungwa.

Ukiwa huna bando ya kutosha kuangalia kwenye mtandao, jibu liko ndani ya mashine yako tayari: `zgrep CVE-2024-6387 /usr/share/doc/openssh-server/changelog.Debian.gz`. Ikitoa mstari, umezibwa. Ukiwa na intaneti `apt changelog openssh-server` inaleta historia yote. Mkaguzi ukimwonyesha huo mstari pamoja na namba kamili mara nyingi anaondoa ile nyekundu, programu yake ilisoma tu namba ya mbele ikahukumu.

Lakini kama zgrep haitoi kitu, hapo ni kweli una shida, angalia kama ghala la security limo kwenye sources zako, yaani orodha ya maghala ambayo apt inachukulia paketi. Nimekuta mashine nyingi ambazo mtu aliifuta hiyo mistari ili `apt update` imalize haraka na kuokoa MB. Tafadhali usifute hiyo. Kama ni lazima ubane bando, bana kwingine.

Dalili: namba inasema 5.6.1 lakini pia inasema 5.4.5, sasa ni ipi?

Kama mwaka 2024 ulikuwa unatumia Debian testing au unstable (maghala ambako paketi hupita kabla ya kufika stable, kwanza unstable kisha testing) ulikutana na paketi ya xz yenye namba `5.6.1+really5.4.5-1`, ukashangaa. Hii ni ya kueleza vizuri.

Xz ni kifaa cha kubana mafaili, kiko karibu kila mashine ya Linux. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka kwa wenyewe yakiwa yamefichwa ndani mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine, mtu aliyekuwa amejipenyeza kwa muda mrefu mpaka akaaminiwa kuutunza mradi ndiye aliuweka. Paketi ikaingia unstable, ikavuka mpaka testing. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mtu anayeandika programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, akatangaza alichokuta: alikuwa anapima kasi kwenye mashine yake ya Debian unstable, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde na prosesa inafanya kazi kuliko kawaida, hakuiacha, akafuata mpaka akafika kwa xz. Nusu sekunde, yaani! Debian 12 yenyewe haikuguswa, ilikuwa na 5.4.1 iliyoganda tangu 2023. Ubuntu 24.04 ilikuwa bado inatengenezwa, wakasogeza toleo lao la majaribio mbele wiki moja ili wajenge paketi upya.

Sasa kwa nini hiyo namba ya ajabu? Kwa sababu apt inaenda mbele tu. Mashine ikishakuwa na 5.6.1 ukiipa 5.4.5 itasema asante ninayo mpya zaidi, itaiacha. Kwa hiyo mtunzaji anaandika namba ambayo apt inaiona ni kubwa, halafu anakiri mwenyewe ndani ya namba kwamba kilichomo kweli ni 5.4.5. Ukiona neno `really` popote kwenye namba ya paketi soma kilicho nyuma yake, hicho ndicho ulicho nacho.

Nimekaa kwenye hii kwa sababu inaonyesha milango inaweza nini na haiwezi nini. Ule mlango wa kuhesabu siku kati ya unstable na testing haukuona kitu, hakuna aliyekuwa ameripoti kasoro bado, siku zikapita paketi ikavuka. Aliyeona ni mtu aliyekuwa anatumia unstable kwa macho wazi. Na aliyekaa kwenye stable aliokolewa na muda.

Dalili: nimeamka, mashine imekuwa Debian nyingine

Mama mmoja ana studio ya picha na kutoa kopi njia ya kwenda Koboko. Agosti 2025 akanipigia, printa haijibu, skrini imebadilika rangi, "mwanangu sijagusa kitu mimi". Na kweli hakugusa, aligusa mdogo wake aliyekuja likizo, alifanya apdeti tu.

Nikafungua `/etc/apt/sources.list` nikakuta imeandikwa `stable`. Hapo pana mtego. Neno stable kwenye faili hiyo siyo jina la toleo, ni kama kiti cha mwenyekiti wa kijiji: leo anakaa huyu kesho anakaa mwingine. Mpaka tarehe 8 Agosti 2025 aliyekikalia ni bookworm, yaani Debian 12. Tarehe 9 Agosti akakaa trixie, Debian 13. Mashine iliyoandikwa bookworm ilibaki ilipo. Mashine iliyoandikwa stable iliambiwa twende.

Apt haikunyamaza lakini, ilitoa onyo, na maonyo haya yako mawili yanafanana sana ndiyo maana watu wanajibu y bila kusoma:

Ukiona `changed its 'Suite' value from 'stable' to 'oldstable'`, hiyo haina neno, ni kiti kimebadilika, wewe uko palepale. Endelea tu.

Ukiona `changed its 'Codename' value from 'bookworm' to 'trixie'`, simama hapo hapo. Hiyo inakuambia unahamishwa nyumba. Kama hukupanga kuhama, jibu hapana, fungua sources, badilisha kila penye `stable` uweke `bookworm`, halafu update tena.

Kama umeshakubali na umeshafanya upgrade, kurudi nyuma hakupo, Debian haina njia rasmi ya kushusha toleo. Mbaya kuliko zote ni kuacha nusu nusu kama nilivyokuta kwa yule mama, paketi mia mbili za trixie zimechanganyika na za bookworm. Tulihamisha picha za wateja kwanza kwenye diski ya nje, tukaandika trixie wazi kwenye faili, tukamaliza kwa `sudo apt full-upgrade`, ilichukua bando yake ya wiki nzima lakini printa ilirudi jioni. Na kama unatoka mbali zaidi, tuseme Debian 11, huruki: 11 kwenda 12 kwanza, halafu 13.

Jambo la kuangalia kabla ya kuhama, maana huku tuna mashine nyingi za msaada: andika `lscpu`. Kama mashine ni ya 32-bit tu, zile Pentium za zamani, Debian 13 haina tena kerneli wala kisakinishi chake. Usijaribu, baki 12.

Dalili: niko testing, paketi mpya imetoka wiki tatu hazijafika kwangu

Kwa Debian, paketi mpya inaingia kwanza unstable, ile wanaiita sid. Kuvuka kwenda testing kuna programu inaitwa britney inayokagua. Inauliza: paketi imekaa siku ngapi? Kawaida ni 2, 5 au 10 kutegemea haraka aliyoandika mtunzaji. Je, ina hitilafu nzito mpya ambayo iliyoko testing haina? Nzito maana yake zile za daraja la critical, grave au serious. Imejengeka kwa aina zote za prosesa zinazohusika na toleo? Majaribio ya moja kwa moja yamepita? Vitegemezi vyake, yaani paketi inazozihitaji, viko testing tayari? Na ikiingia, kuna paketi nyingine itakayoshindwa kusakinishwa? Swali hilo la mwisho ndilo linashikilia paketi nyingi, kwa sababu maktaba moja ikibadilika mamia ya programu zinazoitumia lazima zivuke nayo pamoja, moja ikikwama zote zinakaa zikingoja kama basi la Kampala ambalo haliondoki mpaka lijae.

Mfano mkubwa ni mwanzo wa 2024, walipobadilisha jinsi mashine za 32-bit zinavyohesabu saa ili zisikwame mwaka 2038. Maktaba nyingi mno zilijengwa upya kwa mpigo. Aliyekuwa sid wakati ule aliona apt inataka kuondoa nusu ya desktop yake, na testing ikakaa wiki nyingi karibu haipokei kitu. Ukikutana na hali kama hiyo kanuni ni moja, soma orodha ya `REMOVED` kabla ya kubonyeza y. Ikiwa ndefu, jibu n, jaribu tena baada ya siku kadhaa.

Kujua yako imekwama kwa nini, nenda tracker.debian.org tafuta jina la paketi, kuna sehemu inaitwa excuses, inaandika sababu wazi wazi. Ni ukurasa mwepesi, haunywi bando.

Sababu nyingine ni kugandishwa. Kabla ya kutoa toleo jipya wanafunga milango kwa awamu. Kwa trixie walianza 15 Machi 2025 kuzuia mabadiliko makubwa ya maktaba, 15 Aprili ikabana zaidi, 15 Mei ikawa ngumu kweli, 27 Julai karibu kila kitu kikahitaji ruhusa ya mkono ya timu ya matoleo, 9 Agosti wakatoa. Miezi hiyo ukiwa testing utaona kimya. Ni kawaida.

Dalili: paketi ilikuwepo, sasa haipo kabisa

Testing tena. Paketi yenye hitilafu nzito ambayo hakuna anayeirekebisha inapewa muda halafu inaondolewa yenyewe, pamoja na zinazoitegemea, isipokuwa zile za msingi sana. Kwenye mashine yako haifutwi, ukiandika `apt-cache policy` utaiona imesakinishwa lakini hakuna ghala linaloitoa. Hiyo maana yake hakuna apdeti tena kwa hiyo paketi mpaka irudi. Kama ni kisoma PDF unaweza kuvumilia, kama ni kitu kinachopokea watu kutoka intaneti kizime utafute kingine.

Dalili: "unmet dependencies", "held broken packages"

Tisa kati ya kumi ya hizi ninazoitiwa ni kuchanganya maghala. Mtu alitaka programu moja mpya, akaongeza mstari wa sid kwenye mashine ya stable, akaisakinisha ikavuta libc6 mpya, na libc6 ndiyo msingi ambao kila kitu kinasimama juu yake, kisha akaondoa ule mstari akidhani amejisafisha. Paketi zilibaki.

Anza na `apt-cache policy` peke yake bila jina, inaorodhesha maghala yote na namba ya kipaumbele. Halafu `apt list '?obsolete'` inaonyesha zilizosakinishwa ambazo hakuna ghala linalozijua, hao ndio wageni. Kama ni wachache na siyo libc6, waondoe au wabadilishe na wa kwenu kwa `apt install jina/bookworm`. Kama libc6 yenyewe imeshapanda, usipoteze siku tatu kama nilivyopoteza mimi kwa seva ya rafiki, nakili data, sakinisha upya.

Ukitaka kipya juu ya stable, njia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni backports: paketi za testing zilizojengwa upya juu ya msingi wako. Unaandika `apt install -t bookworm-backports jina`. Ghala hilo lina kipaumbele 100 wakati la kawaida lina 500, kwa hiyo halikuvamii, linaleta ulichoita kwa jina tu na kukiendeleza. Utaitambua kwa `~bpo12` kwenye namba.

Dalili ndogo ndogo

`do-release-upgrade` inasema hakuna toleo jipya na wewe umesikia LTS mpya (toleo la Ubuntu linalotunzwa miaka mingi) imetoka: Ubuntu hawampi mtu wa LTS ya zamani ruhusa mpaka toleo la .1 litoke. 24.04 ilitoka Aprili 2024, 24.04.1 mwisho wa Agosti. Ngoja tu.

`does not have a Release file` au 404 kila mahali: toleo lako limezeeka likahamishwa, kwa Debian liko archive.debian.org, kwa Ubuntu old-releases.ubuntu.com. Elekeza huko uweze kunakili na kuhama, siyo kukaa.

Fedora, apdeti ipo updates-testing haishuki kwako: kule watumiaji wanaipigia kura kwa kile wanaita karma, zikitosha au siku zikitosha inavuka. Ukitaka iharakishwe ijaribu upige kura yako.

Arch, programu moja imekataa kufunguka inalia maktaba haipo: uliandika `pacman -Sy` na jina ili kuokoa MB. Naelewa kwa nini, bando ni pesa, lakini Arch haikubali nusu nusu. Ni `pacman -Syu` yote au usiguse. Kama bando yako haitoshi kushusha yote kila wiki, kwa moyo mweupe nakuambia Debian stable itakufaa zaidi.

Umeme umekatika katikati ya upgrade: `sudo dpkg --configure -a`, halafu `sudo apt -f install`. Usianze kufuta mafaili ya lock kwanza.

Ukikwama, kusanya hizi kabla ya kumwita mtu

`cat /etc/os-release`, halafu `apt-cache policy` bila jina, halafu `apt-cache policy` na jina la paketi inayosumbua, na maneno kamili ya kosa, siyo picha ya nusu skrini. Kwa hizo nne mtu anajua paketi yako iko mlango gani.

Na kama kasoro ni ya kweli, iko kwenye paketi yenyewe, kwa Debian andika `reportbug` na jina lake, inakuuliza maswali moja moja kwenye terminali, barua yenyewe ni maandishi matupu, hata mtandao dhaifu inapita. Taja namba kamili ya toleo pamoja na ule mkia. Mwalimu wangu ametuma ya kwanza yake Jumamosi, kuhusu kibodi, siku mbili baadaye mtunzaji akamjibu anamwomba ajaribu paketi iliyorekebishwa. Tumepanga Alhamisi baada ya vipindi, mashine ya mwisho kule dirishani ndiyo tutaijaribia.